Karatasi ya kashe, sistemi ya serikali, sahihi ya kidijitali ao blokicheni: uchague nini kwa mali inayotoka Lubumbashi?

Kama unatuma mali inje ya inchi kutoka huku Katanga, iko siku atakuja mutu bironi kwako na laptopu, atakufungulia picha nzuri nzuri na kukuambia makaratasi yako ya eksporti yakiingia tu kwenye blokicheni, hakuna duane ya inchi yoyote itakayoyatilia mashaka tena. Kabla hujatoa makuta, linganisha kwanza. Njia ziko nne: karatasi yenye kashe kama tulivyozoea, sistemi ya serikali ya kompyuta, PDF yenye sahihi ya kidijitali, na hiyo blokicheni yenyewe, yani daftari moja inayotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, ambayo mustari ulioandikwa haubadilishwi kimya kimya. Msimamo wangu nauweka hapa mbele: kwa wengi wetu wenye kuuza kwa muteja mmoja anayejulikana, sahihi ya kidijitali pamoja na QR, ile picha ya vidoti ya kuskani na simu, inatosha kabisa. Blokicheni inaanza kuwa na maana pale karatasi inapobeba umiliki wa mali, ao pale makampuni mengi ya inchi nyingi, yasiyo na mukubwa mmoja juu yao, yanalazimika kusoma historia ileile.

Chukua kamyo moja ya katodi za shaba, yale mabamba ya shaba safi. Inatoka na faktire, orodha ya vifurushi, deklarasyo ya DGDA (duane yetu), majibu ya laboratwari, makaratasi ya CEEC (wenye kupima na kuthibitisha madini) na ya OCC (wenye kukagua mali), cheti cha asili kama muteja anakitaka, alafu makaratasi ya transiti ya kuvuka Zambia, na ikifika bandarini, iwe Dar es Salaam, Durban, Beira ao Walvis Bay, njo inapatikana hati ya shehena, ile B/L. Kila karatasi ina mutu wake wa kuitoa na watu wengi wa kuisoma ambao hawajuani. Kampuni ya meli ya Maersk ilifuatilia mwaka 2014 kontena moja la mauwa na avokado kutoka Kenya mpaka Uholanzi, ikakuta limepita kwa watu na mashirika karibu 30, na mawasiliano zaidi ya 200 kati yao. Na Kenya iko na bahari yake tayari, sisi huku kabla hatujaiona bahari tunavuka kwanza Kasumbalesa, na mara nyingi inchi mbili nzima.

Kwa hiyo ukilinganisha hizi njia, jiulize nani anapaswa kumwamini nani, na kama hawa watu wana mutu mmoja wa katikati ambaye wote wanamkubali. Jibu la hapo njo linakuonyesha njia yako.

Karatasi na kashe

Tusiidharau. Haihitaji umeme, SNEL ikikata, kashe bado inasomeka, na kila mutu wa mupakani anajua kuishika. Na B/L ya karatasi iko na nguvu ambayo kompyuta ilichelewa sana kuiga, manake mwenye kushika orijinali mukononi njo mwenye haki ya kutoa mali bandarini.

Lakini angalia namna karatasi inavyokaguliwa kweli. Ajenti wa duane anaiinua kwenye mwanga, anapitisha kidole juu ya kashe aone kama ni wino wa kugonga ao ni wa mashini ya kupiga kopi, analinganisha sahihi na ile macho yake yamezoea, alafu kama bado ana mashaka anapiga namba ya simu iliyoandikwa pale juu ya karatasi. Na hiyo namba nani aliiandika? Kama karatasi ni ya uongo, namba nayo ni ya muongo huyohuyo, atajibu mutu mwenye sauti ya heshima, atasema ndiyo, hiki cheti ni chetu, na kamyo inapita. Hapo hakuna aliyehakikisha kitu. Na mwenye karatasi ya kweli njo anaumia zaidi, juu kashe yake ikitoka hafifu siku ile anasimamishwa kama muongo, kamyo inalala, dereva anataka pesa ya chakula, na muteja anaandika kila asubuhi kuuliza muzigo uko wapi.

Ubaya mwingine ni mwendo. Meli inaweza kufika na orijinali bado ziko njiani na kuriye, kontena linakaa bandarini na gharama ya siku inahesabiwa.

Sistemi ya serikali

DGDA inatumia Sydonia World, programu ya UNCTAD, lile shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, na inatumika mu inchi na maeneo zaidi ya 100. Pembeni yake kuna gishe ya pamoja ya biashara ya inje, SEGUCE, ambako maombi ya mashirika mbalimbali yanapita mulango mmoja. Uzuri wake uko wazi: ajenti hahitaji kutazama rangi ya kashe, anaingiza namba, anaona deklarasyo kama ilivyo kwenye sistemi, kilo ngapi, nani alitangaza, amelipa ao bado. Karatasi uliyoibeba inakuwa nakala tu.

Sasa ukivuka mupaka. Zambia nayo inatumia programu hiyohiyo, ila hizo ni nyumba mbili na kila moja na daftari yake. Kile DGDA inachokiona upande huu, ajenti wa ZRA, mamlaka ya mapato ya Zambia, hakioni kwa sababu tu programu ina jina moja, mpaka serikali mbili zikubaliane kubadilishana data, na mpaka hapo deklara wa upande ule anakaa kuandika upya yale yaliyoandikwa huku. Kila kuandika upya ni nafasi ya kosa, ao ya kubadilisha kwa makusudi.

Kuna swali lingine ambalo wauzaji wa blokicheni wanalipenda, na wana haki kulipenda: mwenye daftari akitaka kubadilisha mustari uliopita, nani atajua? Kwenye database ya kawaida kuna rekodi za nani aliingia na alifanya nini, lakini hizo rekodi zinatunzwa na mwenye daftari yuleyule. Ukimwamini, hakuna shida. Usipomwamini, hauna pa kwenda.

Na kuhusu QR nakuomba ukae macho. QR nyingi zilizochapishwa kwenye vyeti ni adresi tu ya ukurasa wa intaneti, unaskani na simu, ukurasa unafunguka, unaona alama ya kijani, unaridhika. Muongo naye anaweza kutengeneza ukurasa wake wenye alama ya kijani, adresi inafanana na ya kweli ila herufi moja imebadilishwa. Kwa hiyo usitazame kijani, tazama adresi pale juu, kama njo ile ya shirika kweli. Bora zaidi fungua mwenyewe ukurasa wa shirika na uingize namba ya cheti kwa mukono.

Sahihi ya kidijitali

Hii njo wengi wanairuka, inaniuma kabisa, juu njo inayotatua shida nyingi kwa bei ndogo. Mwenye kutoa cheti ana ufunguo wa siri anaoutumia kusaini faili, na dunia nzima ina ufunguo wa wazi wa kuhakikisha sahihi hiyo. Ukigusa faili, hata koma moja, sahihi inakataa. Haihitaji mutandao wa kompyuta elfu, haihitaji sarafu yoyote, na uhakikisho wa sahihi yenyewe unaweza kufanyika bila koneksio kama simu ya mukaguzi imeshawekewa ule ufunguo wa wazi.

Mufano mukubwa wengi waliuona bila kujua. Vyeti vya Covid vya Umoja wa Ulaya, vilivyoanza rasmi tarehe 1 Julai 2021, vilikuwa QR yenye sahihi ya kidijitali ndani yake, inchi nyingi tofauti zikavisoma, hakuna blokicheni iliyohitajika. Vyeti vya afya ya mimea navyo vinabadilishwa kati ya inchi na inchi kupitia kituo kimoja cha kimataifa kinachoitwa ePhyto, hapo pia hakuna blokicheni. Na hapa kwetu sheria ipo: kitabu cha sheria za kidijitali cha Kongo (Code du numérique), kilichotoka Machi 2023, kinatambua maandishi ya elektroniki na sahihi ya elektroniki. Kwa hiyo yule anayekuambia bila blokicheni dokima ya kompyuta haina thamani ya sheria, anakuuzia kitu.

Inashindwa wapi? Mambo mawili. La kwanza ni ufunguo: ukiibiwa, ao karani akiuacha kwenye kompyuta ambayo kila mutu wa biro anaifungua, muongo anasaini kama wewe, na mpaka ufunguo ufutwe, vyeti vyake ni vizuri kama vyako. La pili ni zito zaidi. PDF yenye sahihi inaweza kukopiwa mara mia na kila kopi ni ya kweli. Kwa cheti cha asili hiyo si shida, cheti kinasema tu jambo fulani ni kweli. Lakini kwa B/L ni balaa, juu B/L ni mali yenyewe, hauwezi kuwa na watu watano wote na orijinali. Na faktire ileile yenye sahihi nzuri inaweza kupelekwa benki mbili na kila benki ikakopesha juu yake. Sahihi inasema nani aliandika, haisemi karatasi iko kwa nani sasa hivi.

Blokicheni

Kwanza ondoa kichwani wazo kwamba makaratasi yako yanapandishwa huko yote na kila mutu anasoma bei yako. Namna nzuri ya kufanya, faili inabaki kwako, kinachoandikwa kwenye blokicheni ni heshi yake, yani alama ya kidole ya faili. Kwa SHA-256, inayotumika sana, heshi ni mustari wa herufi na tarakimu 64. Faktire yako ikisema tani 29.850 utapata mustari fulani, badilisha isome 28.950 na mustari wote unageuka, haufanani na wa kwanza hata kidogo. Mukaguzi anachukua faili uliyomtumia, kompyuta yake inahesabu heshi, inalinganisha na iliyoandikwa siku cheti kilipotoka. Zikiwa sawa, hakuna aliyegusa.

Singapuri wameonyesha namna ya kuijenga vizuri. Mufumo wao wa TradeTrust unaweka heshi kwenye blokicheni ya wazi kama Ethereum, yani isiyo ya kampuni moja na inayosomeka na kila mutu, na kuhakikisha mutoaji ni nani unaifunga na adresi yake ya intaneti, ile domeni ya shirika yenyewe, kwa hiyo haulazimiki kumwamini aliyeuza programu. Na heshi za vyeti vingi zinaweza kufungwa pamoja zikaandikwa mara moja, gharama inagawanyika. Wale wenye kusema inakula umeme sana, hiyo ilikuwa kweli kwa Ethereum mpaka Septemba 2022, ilipobadilisha namna yake ya kuhakikisha, sasa umeme umeshuka kwa zaidi ya asilimia 99.

Kile hasa kinachoipita sahihi ya kawaida ni umiliki. Kwenye blokicheni B/L inaweza kuwa moja tu, ikihama kutoka kwako kwenda benki, wewe hauna tena, na kila mwenye haki ya kuona anaona. Na sheria zimeanza kufuata: Uingereza ilipitisha sheria ya hati za biashara za elektroniki iliyoanza kufanya kazi tarehe 20 Septemba 2023, na kwa vile mikataba mingi ya meli duniani inafuata sheria ya Uingereza, hiyo inatugusa hata sisi wa mbali. Sheria yenyewe haitaji blokicheni kwa jina, inataka tu mufumo ambao hauruhusu watu wawili kushika orijinali moja kwa wakati mmoja.

Sasa upande wa kuhuzunisha. TradeLens, platfomu ya blokicheni ya makaratasi ya muzigo wa meli, ya Maersk na IBM, ilianza 2018, ilikuwa na majina makubwa kabisa, duane nyingi zilijiunga. Novemba 2022 wakatangaza wanafunga, na robo ya kwanza ya 2023 ikazimwa, juu ushirikiano wa dunia nzima waliouhitaji haukupatikana. Ni rahisi kuelewa, makampuni mengine ya meli yangependaje kuweka data yao kwenye nyumba iliyojengwa na mushindani? we.trade ya mabenki ya Ulaya ikaanguka 2022, Marco Polo na Contour, nazo za pesa za biashara, zikafuata 2023. Yote hayo yalikuwa ya kikundi, yani blokicheni ya ndani inayoendeshwa na kampuni, kampuni ikifa na seva zinazimwa. Hii tofauti kati ya blokicheni ya kikundi na ya wazi ni kubwa kuliko tofauti ya blokicheni na database, na wauzaji wengi wanaipita mbio.

Upande wa furaha ni Misri. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2021, muzigo wa baharini unaoingia Misri lazima utangazwe mapema kwenye sistemi yao ya Nafeza, na makaratasi ya mutumaji wa inje yanapita kwenye platfomu ya CargoX, iliyojengwa juu ya blokicheni. Hapo hakuna cha kulinganisha, ukiuza Misri kwa njia ya bahari unaingia huko, basi. Na angalia kilichofanya iwezekane: serikali iliamuru. Haikungoja washindani wapendane.

Jambo ambalo hakuna njia hata moja inayoliponya

Hapa njo moyo wangu uko, juu huku Katanga na Lualaba njo tunachimba. Hidroksidi ya kobalti inatoka kiwandani ikiwa na maji ndani yake. Bigi-bagi, lile gunia kubwa, inapimwa, sampuli inachukuliwa, laboratwari inasema maji asilimia ngapi na kobalti ngapi kwenye ile iliyokauka, na pesa yote inahesabiwa kutoka hapo. Mutu akichukua sampuli juu tu ya gunia ambako kumekauka, ao akibadilisha kikopo njiani kabla ya laboratwari, namba ya uongo inasainiwa vizuri, inapata heshi yake safi, na blokicheni itaitunza bila kuguswa miaka yote. Itakuwa uongo usiofutika. Kwa hiyo makuta ya kwanza ni ya balansi iliyokaguliwa, sampuli inayochukuliwa mbele ya pande mbili, na sele ya gunia yenye namba. Kompyuta inafuata.

Mwaka 2019 Ford ya magari, Huayou ya China, LG Chem ya betri, IBM na RCS Global, wakaguzi wa madini, walitangaza jaribio la kufuata kobalti kwa blokicheni kutoka mugodi wa kiwanda wa Huayou hapa Kongo, mpaka China, Korea ya Kusini, na mwisho Marekani. Volvo naye mwaka uleule akatangaza yake. Walianza na mugodi wa kiwanda, ambako mali ina mulango mmoja na balansi moja. Kwa mali ya wachimbaji wa mukono, magunia yanachanganyika kwenye depo kabla ya rekodi ya kwanza, na kule Kivu ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimesema mara nyingi namna etiketi halali zilivyowekwa kwenye madini ya magendo. Etiketi ilikuwa ya kweli, gunia njo lilikuwa la uongo.

Basi wewe uchague nini

Unauza kwa muteja mmoja, unajuana naye, analipa kwa benki: tumia sistemi ya serikali kama inavyotakiwa, ongeza sahihi ya kidijitali kwenye faktire, orodha ya vifurushi na majibu ya laboratwari, mupe muteja ufunguo wako wa wazi kwa njia tofauti na ile unayotumia kutuma faili. Utakuwa umemaliza.

Unauza kobalti chini ya kota: tangu tarehe 16 Oktoba 2025 Kongo iliacha marufuku ya kutoa kobalti na kuweka kota, yani kipimo cha tani zinazoruhusiwa kutoka, tani 96,600 kwa mwaka mzima wa 2026, chini ya uangalizi wa ARECOMS, shirika la serikali linalosimamia soko la madini ya namna hii. Kuna watu wanasema hapa njo mahali pa blokicheni. Mi naona hapana. Kota ina mwenyewe mmoja, ni serikali, daftari moja yenye sahihi inatosha kujua kampuni gani imebakiwa na tani ngapi. Kinachokosekana hapo ni kuchapisha wazi kilichotoka, na hilo ni uamuzi wa viongozi, hakuna programu inayolileta.

Unauza shaba iliyo majini, inabadilisha mwenyewe mara mbili ao tatu kabla ya kufika: B/L ya elektroniki, na hapo blokicheni ni ya kufikiriwa kweli, mradi benki yako na kampuni ya meli zote zinaikubali. Uliza benki kwanza, kabla ya muuzaji wa programu.

Uko kwenye mustari wa wenye kuleta madini ya betri za Ulaya: sheria yao ya betri, namba 2023/1542, inataka pasipoti ya betri, yani rekodi ya kidijitali ya betri, kuanzia tarehe 18 Februari 2027. Sheria hailazimishi blokicheni, ila wanunuzi watataka data ya mugodi mpaka kiwanda, na wengi watakuja na platfomu yao mukononi. Usilipe ya kwako. Ingia kwenye ya kwao, ila kwenye kontra andika kwamba data uliyoingiza unaweza kuitoa yote siku yoyote unapotaka.

Na kama bado yule mwenye laptopu amekaa mbele yako, mufanyie jaribio hili palepale. Mwambie atoe cheti kimoja cha mufano na akutumie kwenye simu yako. Mwambie abadilishe tarakimu moja ya uzito, akitume tena, uone kama simu inakikataa. Mwambie atoe cheti kilekile mara ya pili kwa jina la mununuzi mwingine, uone kama sistemi inapiga kelele. Alafu muulize, kampuni yenu ikifunga mwaka ujao na ukurasa wenu ukizimwa, ajenti wa upande wa Zambia atahakikishaje hiki cheti, na ngoja akuonyeshe kwa vitendo, koneksio ya ukurasa wake ikiwa imezimwa. Akianza kuzungumza habari ya sarafu yao inayopanda bei, funga mazungumzo.